Ploti Safi Juu ya Bwawa la Gatumbi

Tarehe 11 Oktoba 2021, Emmaculate Naliaka alikabidhiwa hati ya umiliki wa ploti nambari 214 katika lililokuwa shamba la kahawa la Gatumbi, kati ya Ruiru na Juja. Ni futi hamsini kwa mia moja za udongo mwekundu, upande wa juu wa mteremko. Mtu akisimama kwenye pembe yake ya chini huliona bwawa.

Jumamosi iliyofuata alikwenda huko na mumewe, Nicanor Okello. Waling'oa visiki vya mibuni vilivyosalia, wakafyeka, kisha wakakwangua ploti nzima kwa jembe mpaka halikubaki jani. Hakuna aliyewaambia wafanye hivyo. Ploti za majirani zilikuwa zimekwanguliwa vivyo hivyo, nao tangu siku hiyo wakawa wanairudia kazi hiyo mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli.

Sababu yake anaijua kila aliyenunua ardhi upande huu. Ploti yenye nyasi haina mwenyewe. Ndila, aliyenunua hatua chache kutoka kwa Naliaka, alikwenda kwao Makueni kumuuguza mamake na akakaa huko zaidi ya mwaka. Aliporudi, nyasi zilizokuwa zimemfika mtu kiunoni zilikuwa zimefyekwa na mtu mwingine, uzio wa mabati umesimama, na huyo mtu ana hati inayofanana na yake hadi muhuri. Kesi iko mahakamani. Ndila huja mara kwa mara, husimama nje ya uzio, hutazama, kisha hurudi Kahawa Sukari anakokaa.

Basi watu wa Gatumbi hukwangua. Wenye nafasi huja wenyewe, walio mbali hulipa vijana wa mtaa wa Kimbo. Ikifika Machi, mteremko mzima huwa mwekundu na laini kama sakafu iliyopigwa deki, ukisubiri mvua.

Naliaka ana miaka arobaini. Alizaliwa Bungoma wakati wa palizi, ndiyo maana akapewa jina hilo, na alikuja Thika kusomea stashahada ya maji na ramani, akabaki. Anaishi Kimbo katika vyumba viwili vya kupanga pamoja na Nicanor na binti yao, Mitchell. Ni mtu wa maneno machache. Akiulizwa swali hujibu lile aliloulizwa, halafu hunyamaza. Wengine huiona tabia hiyo kuwa maringo, lakini mwajiri wake aliipenda.

Mwajiri wake ni Injinia Gurjeet, Mkalasinga wa Thika aliyezaliwa Thika, ambaye babu yake alijenga nusu ya mabohari ya mji huo na ambaye hukasirika kwa Kikuyu. Ofisi yake iko juu ya duka la vyuma. Kazi zake nyingi ni visima na mifereji ya maji machafu. Lakini mwanzoni mwa 2023 jumuiya ya watumiaji maji ya Gatumbi ilipata ufadhili wa kuuliza swali moja, ikamletea yeye. Swali lenyewe lilikuwa: bwawa letu lina miaka mingapi ya kuishi?

Bwawa hilo lilichimbwa na wenye shamba zamani kwa ajili ya kuoshea kahawa. Shamba lilipouzwa vipande vipande, bwawa lilibaki mikononi mwa wakulima wadogo wa pembeni, wenye sukuma wiki, managu na nyanya, na Nicanor alikuwa mmoja wao. Kitalu chake cha miche kiko kando ya maji, kwenye kipande alichokodi: parachichi, makadamia, matunda ya damu. Mche wa parachichi huoteshwa, hukuzwa, hupachikwa kikonyo cha mti bora, kisha hungojwa tena. Huwezi kuuambia usinywe maji wiki mbili. Pampu yake inatoa maji bwawani asubuhi na jioni, na karo ya Mitchell imetoka humo tangu chekechea. Kwa hiyo Naliaka alipopewa faili ya kazi hiyo, alijua anahesabu miaka ya kitalu cha mumewe.

Injinia Gurjeet ana kanuni moja kuhusu mmomonyoko wa udongo: usiamini modeli moja. Modeli, katika kazi hii, ni hesabu inayojaribu kukisia ni udongo kiasi gani utateremka na kufika majini. Naliaka alitumia tatu.

Ya kwanza ni nzee na rahisi. Inazidisha mambo matano: nguvu ya mvua, aina ya udongo, mteremko, mimea iliyofunika ardhi na bidii ya mkulima kuuzuia udongo. Inakuambia ni udongo kiasi gani unang'oka shambani, lakini haikuambii unatua wapi. Hiyo sehemu unaikadiria mwenyewe. Ya pili haijali mwaka. Inatazama kila mvua peke yake, wingi wa maji yaliyotiririka na kasi yao yalipokuwa makali zaidi, halafu inasema mvua hiyo imeshusha nini. Ya tatu ndiyo kubwa. Inakata bonde vipande vidogo, inaubeba mfano wa ile ya pili tumboni mwake, inatembea siku baada ya siku, mwaka baada ya mwaka, na inataka takwimu nyingi kuliko Gatumbi ilizokuwa nazo.

Takwimu za mvua alizipata kutoka kituo kimoja cha Thika. Za udongo zilitoka kwenye kitabu. Ramani ya mimea, ile iliyotengenezwa kwa picha za satelaiti, ilipatikana bure mtandaoni. Aliichukua kama mtu anavyonunua unga dukani, bila kufungua mfuko kuyatazama mahindi.

Agosti 2023 walipeleka majibu kwenye kikao cha jumuiya, chini ya mabati ya kanisa. Modeli ya kwanza ilisema bwawa litajaa tope baada ya miaka thelathini na mitano. Ya pili ilisema kumi na sita. Ya tatu, ishirini na miwili.

Mwenyekiti wa jumuiya ni Mumbi, mama wa makamo ya juu aliyewahi kuwa msimamizi wa wachuma kahawa katika shamba hilo hilo. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya leso.

"Injinia, nimeuliza umri wa bwawa moja. Wewe umeniletea umri wa mabwawa matatu."

Watu walicheka. Gurjeet alicheka pia, kisha akaeleza bila haraka kwamba hakuna mtu aliyewahi kupima tope la kijito kile, hata mwaka mmoja. Bila kipimo cha kweli cha kulinganishia, hawezi kusema ni modeli ipi iliyo karibu na ukweli. Anaweza kusema tu kwamba zinatofautiana, na kwa nini.

"Basi gawa," Mumbi alisema. "Kamati ya harusi ikikwama hivi, si tunagawa katikati?"

Gurjeet alikataa mara moja, akakataa mara ya pili. Mara ya tatu alichoka, kwa kuwa mfadhili naye alitaka nambari moja ya kuandika kwenye ripoti. Akasema ishirini na minne, wastani wa zile tatu. Wakapiga makofi. Naliaka, aliyeketi nyuma na kompyuta mapajani, alijua kuwa hakuna modeli hata moja iliyotoa jibu hilo. Hakuulizwa, na hakusema.

Nicanor alikuwa kwenye kikao. Njiani kurudi Kimbo alikuwa mchangamfu kupita kawaida yake. Alihesabu kwamba baada ya miaka ishirini na minne Mitchell atakuwa na watoto wa shule, na yeye mwenyewe atakuwa mzee wa kukaa kitini akionyesha wengine kwa fimbo mahali pa kupanda. Wiki hiyo hiyo alikodi kipande cha pili kando ya bwawa, akaotesha parachichi za kukijaza.

Mvua ya mwisho wa mwaka huo ilikuwa kubwa. Kufikia Novemba, maji ya bwawani yalikuwa rangi ya chai ya maziwa. Kichujio kilicho mwisho wa bomba la pampu kiliziba, Nicanor akakiosha, kikaziba tena. Aliinua bomba. Siku chache baadaye akaliinua tena.

"Mama Mitchell," alimwambia mkewe jioni moja, akikwangua tope kwenye viatu mlangoni, "hii tope yako ya kompyuta imefika mapema."

Jumapili hiyo, baada ya misa, walifunga mitungi mitupu pamoja ikawa chelezo, wakaingia bwawani na kamba iliyofungwa jiwe. Michoro ya zamani ilionyesha kina karibu na ukuta. Naliaka alitaka kujua kimebaki kiasi gani. Nicanor alipiga kasia kwa kipande cha ubao, yeye akateremsha jiwe. Jiwe halikugonga chini. Lilienda vizuri, kisha likaanza kwenda polepole, polepole zaidi, kana kwamba linaingia kwenye uji.

"Hapo ni maji ama ni tope?" Nicanor aliuliza.

"Sijui."

"Na nani anajua?"

Walijaribu sehemu nyingine, jiwe likafanya vile vile. Ilibidi achague mwenyewe mahali pa kusema hapa maji yanaisha, na popote alipochagua, kina kilichobaki hakikufika nusu ya kile cha michoro.

Jumatatu alifungua modeli zote tatu upya. Alipitia mvua, akapitia mteremko, hakuona kosa. Ndipo akafanya jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya. Aliitafuta ploti yake kwenye ramani ya mimea. Alifuata kijito kutoka bwawani, akahesabu barabara, akaipata pembe yake. Ramani ilisema nambari 214 ni mibuni iliyokomaa, yenye kivuli kizuri na majani makavu yaliyotandazwa chini.

Picha zilizotengeneza ramani hiyo zilipigwa kabla shamba halijauzwa. Katika modeli zake zote, mteremko wa Gatumbi ulikuwa bado kahawa. Hapakuwa na ploti mia nne zilizokwanguliwa. Hapakuwa na zile barabara ambazo tingatinga lilizichonga moja kwa moja kutoka juu hadi chini ili kila mtu apate mstatili wake, na ambazo mvua ikinyesha hugeuka mito. Naliaka alikuwa amekwangua ploti kwa mikono yake Septemba, na wiki kadhaa kabla ya hapo alikuwa ameketi ofisini akiiambia kompyuta kwamba ploti hiyo ina kivuli.

Alichora ramani upya kwa picha mpya. Ilimchukua hadi Januari. Alipoendesha modeli, ya kwanza ilisema bwawa lina miaka sita. Ya pili ilisema minne. Ya tatu, mitano. Kwa mtu wa kazi hiyo, modeli tatu kukubaliana ni jambo la kufurahiwa kwa soda. Alizima kompyuta, akakaa akiitazama barabara ya Thika kupitia dirishani.

Gurjeet alisoma karatasi zote akiwa amesimama. Naliaka alianza kusema kwamba ramani aliileta yeye. Gurjeet alimkatiza.

"Sahihi iliyo chini ni ya nani?"

"Ni yako, Injinia."

"Basi kosa nalo ni langu. Piga simu kwa Mumbi."

Februari 2024 walirudi chini ya mabati ya kanisa. Naliaka alisimama safari hii, akaeleza ramani, akasema aliyeiingiza ni yeye. Alitarajia kelele. Hapakuwa na kelele. Nicanor alitazama viatu vyake. Mumbi akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Sawa, sasa tumejua. Mtu akishajua, anafanya nini?"

Gurjeet alikuwa na majibu. Mistari ya nyasi za nepia kukata mteremko. Kuacha nyasi kwenye ploti zisizojengwa. Shimo la kunasa tope pale kijito kinapoingia bwawani. Kila jibu lilikuwa na mlango, na kila mlango ulikuwa umefungwa na mtu asiye na ubaya. Mahali pa kuchimba shimo ni ploti tatu zilizouzwa kwa watu watatu, mmoja wao mjane. Afisa wa kaunti aliwapokea vizuri, akawapa chai, akaandika kila walichosema, akaeleza kwamba ardhi ni ya watu binafsi na barabara hazijakabidhiwa serikalini. Kampuni iliyouza ploti ilikuwa imefunga. Palipokuwa na ofisi yake pana kinyozi sasa, naye aliwaonyesha kwa heshima mlango wa nyuma, kana kwamba wenye kampuni walikuwa wamejificha huko.

Wakabaki wenye ploti. Hao wana kundi lao la WhatsApp, na Naliaka yumo. Aliandika ujumbe mfupi akieleza bwawa, tope na nyasi, akaomba watu waache kukwangua msimu ule mmoja. Alipata vidole gumba vingi na mikono ya maombi. Mmoja aliye Doha aliuliza nani atamlindia ploti nyasi ikimea. Mwingine alisema wazo ni zuri, wenye ploti za chini ndio waanze. Halafu Ndila akaandika.

"Mama Mitchell, mimi niliacha nyasi ikamea. Enda uone iko wapi."



Naliaka aliamua kwamba aliyeomba ndiye wa kuanza. Alimwambia Nicanor, naye akasema sawa bila kuinua kichwa kutoka kwenye kisu cha kupachikia. Machi hiyo hawakukwangua. Masika yalikuja kwa fujo. Mara tu mvua kubwa moja ilipopungua alipanda hadi Gatumbi na mwavuli, akasimama kwenye pembe ya chini ya ploti yake. Kote kushoto na kulia maji yalishuka mekundu kama rangi ya kupakia nguzo. Yaliyotoka kwenye nyasi zake yalikuwa karibu meupe. Yalitiririka hatua mbili, yakaingia barabarani, yakachanganyika na mengine.

Ofisini aliingiza ploti 214 kwenye modeli ya tatu, ikiwa na nyasi. Umri wa bwawa haukusogea. Alijaribu ya kwanza na ya pili. Hazikusogea.

Mwezi wa saba alipokea simu kutoka kwa jirani wa ploti: je, ameanza kujenga? Hakuwa ameanza. Walikwenda yeye na Nicanor, wakakuta lori zima la mawe ya kujengea ya Ndarugu limeshushwa katikati ya nyasi zao, mawe yamepangwa vizuri. Nicanor aliyazunguka. Hivyo ndivyo inavyoanza, kila mtu anajua: mawe, kisha mabati, kisha hati.

Mwenye mawe alipatikana kwa urahisi kiasi cha kutia aibu. Alikuwa mwalimu mstaafu wa Juja aliyenunua ploti barabara ya juu. Alikuja siku hiyo hiyo, jasho likimtoka, akaomba msamaha mara nyingi, akaonyesha hati yake bila kuulizwa.

"Sikuwa na nia mbaya, mama," alisema. "Niliona nyasi. Nikajua hapa hapana mwenyewe."

Kesho yake aliyaondoa mawe yote, akatuma na vijana kusawazisha mahali pale. Hata nyasi waliziponda kidogo sana.

Naliaka na Nicanor walikwenda kuhakikisha, wakarudi Kimbo kwa miguu. Karibu na stendi Nicanor alisimama kununua mahindi ya kuchoma, akampa mkewe nusu. Alisema amefikiria. Mwalimu alikuwa mtu mzuri. Atakayefuata huenda asiwe.

"Miche naweza kuhamisha," alisema. "Ploti siwezi kuibeba."

Naliaka alitafuta neno la kupinga. Yeye ndiye aliyekuwa na nambari zote, na nambari zote zilikuwa zimeshamwambia kwamba nyasi zake hazikuongeza hata siku moja kwenye umri wa bwawa. Nicanor hakuzijua nambari hizo. Hakumwambia. Alikula mahindi.

Septemba walikwangua. Ndila, aliyekuwa amekuja kusimama nje ya uzio, aliwaona, akaweka mkoba chini, akaazima jembe kwa jirani akawasaidia upande wa juu. Hakusema lolote kuhusu ujumbe wake, nao hawakuutaja.

Sasa ni Februari 2025. Bwawa lina kisiwa cha tope pale kijito kinapoingia, na bata maji wametaga humo. Nicanor ameachana na kile kipande cha pili alichokodi. Parachichi alizootesha baada ya ule wastani aliziuza zikiwa changa, kabla ya kupachikwa, kwa yeyote aliyekuja. Kipande cha kwanza bado anakimwagilia. Bomba la pampu limeinuliwa hadi mahali ambapo haliwezi kuinuliwa tena, na ameanza kuuliza habari za ardhi ya kukodi karibu na mto Ndarugu. Jumuiya imemwomba Gurjeet apime kina kila baada ya mvua. Amekubali kufanya hivyo bila malipo, na anayeteremsha jiwe ni Naliaka.

Mvua inatarajiwa katikati ya Machi. Jumamosi ya kwanza ya mwezi huo, Naliaka na Nicanor watapanda Gatumbi na majembe mawili, wakwangue ploti nambari 214 mpaka lisibaki jani.